Treni Isiyo na Dereva na Haki ya Mfanyakazi

Katika jiji la Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ipo njia ya treni ya chini ya ardhi ambayo abiria wake akiingia behewa la mbele kabisa haoni mlango wa chumba cha dereva. Huona kioo kipana. Aghalabu mbele ya kioo hicho husimama mtoto, viganja vyake vimegandamana na kioo, akitazama jinsi reli zinavyomjia kutoka gizani na kupotea chini ya miguu yake. Mahali aliposimama mtoto huyo ndipo alipokaa, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, mfanyakazi mwenye jina, mwenye familia, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na kadi ya chama cha wafanyakazi. Leo mfanyakazi huyo hayupo. Treni inaondoka, inaongeza mwendo, inafunga breki na kufungua milango bila ya mkono wa mtu kuigusa.

Njia hiyo ni Njia Namba 1 ya treni za jiji la Paris. Tumeamua kuizungumzia leo, si kwa ajili ya kustaajabia maarifa ya Wafaransa, ingawa maarifa hayo yanastahili sifa. Tunaizungumzia kwa sababu inatuwekea mbele yetu swali ambalo kila taifa linalojenga uchumi wake halina budi kulijibu: mashine inapochukua kazi ya mtu, nani hupata faida, na nani hubeba hasara?

Wapo wanaolijibu swali hili kwa hofu. Hao husema kwamba mashine ni adui wa mfanyakazi na ingefaa ikataliwe mlangoni. Wapo pia wanaolijibu kwa shangwe, wakidhani kwamba kila kilicho kipya ni maendeleo, na kwamba anayeuliza habari za wafanyakazi anarudisha nyuma gurudumu la historia. Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zimekosea. Mashine haimfukuzi mtu kazini. Mtu ndiye humfukuza mtu, na mashine huwa kisingizio tu. Yaliyotokea Paris yanalithibitisha jambo hili, na papo hapo yanatuonya.

Kazi haiondoki siku moja

Njia Namba 1 ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900, katika mwaka wa Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris. Aliyesimamia ujenzi wake ni mhandisi Fulgence Bienvenüe, ambaye miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1881, alipoteza mkono wake wa kushoto katika ajali ya reli. Mtu huyo alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba reli haijengwi bure.

Siku zile kila safari ilihitaji mikono mingi. Mbele alikuwapo dereva. Alikuwapo na mkuu wa treni, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia milango na kutoa ishara ya kuondoka. Huko stesheni, kwenye lango la kuingilia, alikaa mtoboa tiketi, ambaye alitoboa tiketi moja baada ya nyingine tangu alfajiri hadi usiku, siku nenda siku rudi. Watu wa Paris waliwazoea wafanyakazi hao kama tulivyomzoea mwadhini wa mtaa wetu: humkumbuki mpaka siku utakapoikosa sauti yake.

Mwisho wa miaka ya 1960 mambo yakaanza kubadilika. Zikaletwa mashine za kusoma tiketi, na ilipofika mwaka 1973 watoboa tiketi walikuwa wametoweka. Mkuu wa treni naye akaondolewa, na kazi yake ya milango akakabidhiwa dereva. Katika miaka hiyo hiyo, njia nyingi zikafungwa chombo cha kuiendesha treni yenyewe kati ya kituo na kituo. Dereva akabaki na kazi ya kufunga milango, kubonyeza kitufe cha kuondokea na kuwa macho endapo litatokea jambo.

Tunaieleza historia hii kwa makusudi. Wengi hudhani kwamba kazi ya mtu hupotea siku mashine inapozinduliwa, mbele ya wapiga picha na wakubwa waliokuja kukata utepe. La hasha. Kazi hupunguzwa kidogo kidogo, kama ukuta wa udongo unaonyeshewa na mvua, hata siku unapoanguka kila mtu akaona kwamba ilikuwa lazima uanguke. Siku dereva wa Njia Namba 1 alipoteremka, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Ufaransa haikuanzia Paris. Mwaka 1983, katika mji wa Lille ulioko kaskazini ya nchi hiyo, ilifunguliwa njia ya treni isiyo na dereva, ambayo ni miongoni mwa za mwanzo duniani. Paris ikafuata tarehe 15 Oktoba 1998 ilipofungua Njia Namba 14, iliyojengwa tangu msingi ili iende bila dereva. Lakini njia zote hizo mbili zilikuwa mpya. Hakukuwa na mtu wa kuteremshwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepanda. Mtihani wenyewe ulikuwa kuichukua njia kongwe kuliko zote, iliyojaa abiria na iliyokuwa na madereva wake, na kuigeuza.

Jinsi kazi ilivyofanywa

Kazi ilianza mwaka 2007. Njia Namba 1 ina urefu wa kilomita 16 na nusu na vituo 25, kutoka La Défense upande wa magharibi hadi Château de Vincennes upande wa mashariki, na wakati ule ilichukua abiria zaidi ya laki saba kwa siku. Kuifunga kwa miaka kadhaa kusingewezekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilifanywa katika saa chache za usiku ambazo treni hazitembei, kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri. Mafundi walishuka na vifaa vyao, wakafanya kazi, wakasafisha, wakapanda juu kabla ya treni ya kwanza. Usiku uliofuata wakashuka tena.

Kando ya kila jukwaa la abiria pakajengwa ukuta mfupi wenye milango, ambayo hufunguka pale tu milango ya treni inapokuwa imesimama sambamba nayo. Faida yake ni kubwa: abiria hawezi tena kuanguka relini wala kusukumwa na msongamano. Mitambo ya kuongozea nayo ikabadilishwa. Kila treni sasa huarifu daima ilipo na mwendo ilio nao. Kompyuta zinapima nafasi iliyopo baina yake na treni iliyo mbele. Na mawasiliano yakikatika, treni husimama yenyewe. Katika chumba cha kuongozea wamekaa watu wanaoitazama njia nzima katika vioo, ambao huweza kuongeza treni pale umati unapozidi, au kuzungumza na abiria aliye katika taabu.

Tarehe 3 Novemba 2011 treni za kwanza zisizo na dereva zikaanza kuchukua abiria. Kwa zaidi ya mwaka mmoja zilitembea katika reli zile zile pamoja na treni zenye madereva, hata tarehe 15 Desemba 2012 dereva wa mwisho alipoondoka. Tangu hapo, katika saa za msongamano, treni huweza kufuatana kwa nafasi ya sekunde 85, ambapo zamani ilikuwa sekunde 105. Kwa mfanyakazi anayewahi kibarua asubuhi, sekunde hizo ishirini si jambo dogo.

Je, madereva walikwenda wapi? Walikuwa takriban mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyeachishwa kazi. Baadhi yao walifundishwa na kupandishwa cheo wakawa wasimamizi wa njia ile ile, ambao leo huingia katika chumba cha kuongozea na pia huzunguka vituoni. Wengine walihamishiwa njia nyingine ambazo bado zilihitaji madereva. Mambo haya hayakuamuliwa siku ya mwisho. Yalizungumzwa na vyama vya wafanyakazi miaka kadhaa kabla treni ya kwanza kuwasili.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Madereva wale hawakuokolewa na huruma ya mashine, kwa kuwa mashine haina huruma wala chuki. Waliokolewa na mambo matatu. Shirika linaloziendesha treni za Paris, RATP, ni shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1948, wala si mali ya tajiri mmoja anayehesabu faida yake kila jioni. Wafanyakazi walikuwa na vyama imara, vyenye uzoefu na visivyotishika. Tena mpango uliandaliwa kwa muda mrefu, hata wanaostaafu na wanaohama wakahesabiwa mapema. Ondoa moja katika hayo matatu, na habari tunayoisimulia hapa ingekuwa nyingine kabisa.

Upande wa pili wa shilingi

Lakini insafu inatutaka tuutazame na upande wa pili.

Ni kweli kwamba hakuna dereva aliyefukuzwa. Ni kweli vile vile kwamba nafasi zile za kazi hazipo tena. Aliyezipoteza si dereva mwenye miaka hamsini aliyepewa cheo kipya, bali ni kijana ambaye angeajiriwa baada yake. Kwa kuwa kijana huyo alikuwa hajaajiriwa, hakuwa na kadi ya chama, hakuwa na msemaji, na hakuitwa mezani. Hasara yake haimo katika hesabu yoyote. Huu ndio ujanja wa maendeleo ya namna hii: humridhisha aliyepo na kumnyima asiyekuwapo. Na Paris haikusimama hapo. Njia Namba 4, ya tangu mwaka 1908, ambayo hupita Château Rouge, mahali wanapokwenda Waafrika wengi wa jiji hilo kununua mihogo, bamia na samaki wakavu, nayo imegeuzwa vivyo hivyo. Treni zake za kwanza bila dereva zilianza Septemba 2022, na mwaka 2024 ulipoanza kazi ilikuwa imekamilika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tarehe 5 Desemba 2019 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kupinga mpango wa serikali wa kubadilisha malipo ya uzeeni. Madereva wa treni za Paris walikuwa mstari wa mbele, kwa maana mpango huo uligusa haki yao ya kustaafu mapema. Njia nyingi zilifungwa kabisa. Lakini Njia Namba 1 na Njia Namba 14 ziliendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Zilijaa watu hadi kukosa pa kuweka mguu, lakini zilitembea.

Msomaji atafakari maana yake. Silaha ya mfanyakazi, tangu viwanda vilipoanza, ni uwezo wa kusema: leo mikono yangu hainyanyuki. Mashine isiyohitaji mikono yake haiisikii kauli hiyo. Mgomo ule ulidumu zaidi ya wiki sita, na tarehe 11 Januari 2020 serikali ikalazimika kukiondoa kwa muda kipengele kilichohusu umri wa miaka 64. Machi mwaka huo huo, maradhi ya korona yalipoingia, mpango mzima ukasimamishwa. Kwa hiyo silaha haikufa. Lakini makali yake yamepungua, na kila njia inayogeuzwa huyapunguza zaidi. Abiria anayetaka kufika kwake salama jioni atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila naye pia ni mfanyakazi mahali fulani, na siku itafika atakapohitaji wengine wamsikie.

Jambo la tatu ni la wale wasioonekana. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Treni isiyo na dereva haina maana ya treni isiyo na wafanyakazi. Wapo wanaoosha vituo usiku, wengi wao watu wenye asili ya Mali, Senegal na nchi za Maghreb, walioajiriwa na makampuni yaliyopewa kandarasi. Wapo wanaochimba. Chini ya sheria ya Juni 2010, eneo zima la Paris lilianza mradi wa kujenga njia mpya za treni zisizo na dereva, zenye urefu wa kilomita 200 na vituo 68, kuzizunguka na kuziunganisha sehemu za pembeni ya jiji. Tangu mwaka 2020 wafanyakazi kadhaa wamepoteza maisha katika machimbo hayo, na miongoni mwao wapo wahamiaji kutoka Afrika. Hakuna kompyuta iliyokufa pale.

Pamoja na hayo, hatuwezi kuulaumu mradi huo bila ya kuutaja wema wake. Katika njia hizo mpya, Njia ya 16 imepangiwa kituo cha Clichy-Montfermeil. Clichy-sous-Bois ni mji wa pembeni uliojaa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, ulio karibu kilomita 15 kutoka katikati ya Paris, na kwa muda mrefu haukuwa na kituo chochote cha reli. Kwenda mjini kutafuta kazi kulichukua zaidi ya saa nzima. Hapo ndipo Oktoba 2005 vijana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi walipokufa kwa umeme, na ghasia zikaenea nchini kote hata serikali ikatangaza hali ya hatari. Tramu ilifika huko Desemba 2019. Kijana wa Clichy akipata treni ya kumfikisha kazini, hatamuuliza mtu kama ina dereva au haina. Atauliza mbona imechelewa miaka yote hii.

Mashine hutii amri

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwetu sisi lina uzito. Treni za Paris zilikuwa na daraja la kwanza tangu siku zilipoanza: mwenye fedha alikaa kwake na kabwela akabanana kwake. Utaratibu huo ulifutwa kabisa tarehe 1 Agosti 1991. Zile zilikuwa treni za zamani, zenye madereva. Huko Dubai, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaujua vizuri kwa safari zao za kununua bidhaa Deira, ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009 treni ya kisasa isiyo na dereva, safi na yenye kushika wakati. Ndani yake limetengwa daraja la dhahabu kwa ajili ya anayelipa nauli maradufu. Wala hatusemi hayo kwa kuwadharau watu wa Dubai, ambao treni yao imewafaa maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Tunasema tu kwamba mashine haijui usawa. Ukiiagiza ibebe watu wote pamoja, itawabeba. Ukiiagiza iwatenge, itawatenga kwa utii ule ule na kwa dakika ile ile.

Nasi tunaoishi mbali na Paris tuna fungu letu katika habari hii. Dar es Salaam ilipata mabasi yaendayo haraka Mei 2016. Treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo. Magari hayo yote yana madereva, lakini tiketi sasa hukatwa kwa simu na kukaguliwa na mashine langoni. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza, daladala ziliondolewa katika njia zake. Daladala moja ilikuwa ikiwalisha dereva, kondakta, mpiga debe, na mama aliyewauzia chai alfajiri. Tunaunga mkono mabasi hayo na treni hiyo kwa dhati, kwa maana mwananchi hakuumbwa kuning'inia mlangoni. Lakini tunauliza: kondakta yule aliitwa mezani? Alifundishwa kazi gani? Nani aliyeandika jina lake?

Kwa hiyo kila mara mashine itakapokuja, iwe ya reli, ya bandari, ya kiwanda au ya ofisi, tusishindane kuikataa wala kuiabudu. Tuulize ni mali ya nani. Tuulize wafanyakazi waliambiwa lini, kabla ya mkataba kutiwa saini au baada yake. Tuulize faida itakayopatikana itakwenda kwenye nauli nafuu na mishahara, au itaishia katika mifuko ya wachache. Na tumuulizie yule kijana ambaye bado hajaajiriwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hayupo kuuliza.

Mtoto yule aliyesimama mbele ya kioo cha Njia Namba 1 anafurahi, na tusimnyime furaha yake. Anadhani kwamba yeye ndiye anayeiendesha treni. Siku moja atakuwa mtu mzima atafutaye kazi, na atataka kujua kiti kilichokuwa mahali pale kilikuwa cha nani, na mwenyewe alitendewaje siku kilipoondolewa. Paris inalo jibu la kumpa, ingawa si jibu kamili. Ni dhima yetu kuhakikisha kwamba watoto wetu watakapotuuliza sisi, hatutainamisha vichwa.